Maltizi au Spizi? Kijibwa kilivyotaka kunikosanisha na jirani Kariakoo

UKIPANDA ngazi za ghorofa tunaloishi Mtaa wa Sikukuu, hapa Kariakoo, ukifika ghorofa ya nne huku unahema utakuta milango miwili inatazamana. Mmoja wangu, wa pili wa Bi Mkubwa. Katikati kuna kikorido, na hapo ndipo tulipokuwa tunaweka viatu, ndoo za maji na mtungi wa gesi wa akiba.

Asubuhi moja natoka kwenda kibaruani, mtungi hakuna. Viatu vyangu vya ngozi navyo hakuna. Mwizi aliniachia ndala moja ya kushoto, sijui alitaka niende nayo ofisini.

Siku hiyohiyo jioni nikatangaza sebuleni kwamba tunafuga mbwa. Binti yetu wa darasa la pili aliruka mpaka akagonga meza. Mama watoto yeye aliniangalia kama mtu aliyepungukiwa.

"Mbwa? Ghorofa ya nne? Atakojolea wapi, kwenye jiko?"

Hoja ilikuwa nzito, nakiri. Nyumba yetu ni vyumba viwili, sebule na kibaraza ambacho mkisimama watu watatu mmoja lazima avute tumbo. Lile jibwa la polisi ambalo kila mtu wa Mbezi Beach analo getini, na kibao chake cha "Mbwa Mkali", hapa ni kumtesa bure. Kwa hiyo tukakubaliana jambo moja: iwe mbwa mdogo. Aina gani, hapo ndipo tulipoachana njia.

Mimi nilitaka Spizi wa Kijapani. Mama watoto alitaka Maltizi. Wote wawili ni weupe pee, wote wana macho meusi kama punje za pilipili manga, na kwenye picha za simu mtu asiyejua anaweza kudhani huyu ni mtoto wa yule. Kumbe tofauti yao ni kama ya daladala na bajaji.

Spizi ni mkubwa zaidi. Anasimama sentimeta 30 mpaka 38 mabegani, uzito wake kilo tano mpaka kumi. Wajapani walimtengeneza kutokana na mbwa weupe wa Kijerumani walioanza kuletwa kwao mnamo 1920, na vipimo vyake rasmi vikaandikwa 1948. Ana masikio yaliyosimama, mkia umejikunja mgongoni, na mdomo haufungwi. Mtu akikohoa ghorofa ya kwanza, yeye wa nne kashajua. Si ndiyo nilichokuwa nakitafuta?

Maltizi jina lake linatokana na kisiwa cha Malta, na mababu zake wamekaa mapajani mwa matajiri wa pwani za Mediterania tangu enzi za Warumi. Kilo tatu mpaka nne basi, yaani mchele wa kula siku chache. Nywele zake ni za hariri, ndefu, zinakua kama za binadamu, na hana manyoya ya chini. Kwa sababu hiyo hadondoshi sana. Mama watoto, ambaye ndiye anayefagia, alikuwa ameisoma sentensi hiyo mara kumi.

Tukabishana wiki nzima. Halafu mimi, kwa ujanja wangu wa mjini, nikaenda kumaliza ubishi kivyangu.

Nilikuwa natoka Msasani, gari limesimama kwenye taa, vijana wawili wakanijia na kikapu. Ndani kuna kitoto cha mbwa cheupe, kinanukia sabuni, kimefungwa utepe mwekundu shingoni.

"Bosi, Maltizi huyo. Mama yake katoka Afrika Kusini. Laki sita, lakini wewe nipe tatu."

Nikasema moyoni, nikimpelekea mama watoto Maltizi wake kwa nusu bei nitakula pilau mwezi mzima. Nikashusha mpaka laki mbili na ishirini. Taa zikawaka kijani, nikaondoka na kikapu. Msomaji, huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tulipomwogesha jioni, weupe wa mgongoni ukaanza kutoka na maji, chini yake ni hudhurungi. Alikuwa mbwa koko wa kawaida kabisa aliyepakwa poda. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini. Binti hakujali rangi, alishampa jina, Popi, na usiku huo alilala naye kwenye mkeka.

Siku ya tatu Popi akakataa maziwa. Siku ya nne akatapika, akaanza kuharisha damu yenye harufu ambayo sitaisahau. Nikambeba kwenye boksi mpaka kwa daktari wa mifugo. Dokta alimwangalia kidogo tu, akauliza, "Kachanjwa?" Nikamwambia sijui. Akamtundikia dripu. Siku ya tano alfajiri Popi akafa, na mimi ndiye niliyetakiwa kumwamsha mtoto nimwambie.

Sina haja ya kueleza jinsi alivyolia. Nitasema tu kwamba alipotulia aliniuliza, "Baba, kwani yeye hakupelekwa kliniki kama mimi?" Swali hilo lilinichoma kuliko laki mbili na ishirini.

Ugonjwa wenyewe unaitwa parvo. Ulianza kujulikana duniani mwaka 1978, na ndani ya miaka miwili hivi ukawa umeenea mabara yote. Unashambulia utumbo wa watoto wa mbwa na kumaliza askari wa damu wanaolinda mwili. Dokta alinieleza kwamba mtoto wa mbwa huanza chanjo akiwa na wiki sita mpaka nane, inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Sindano moja tu, ukajisifu umechanja, hapo bado. Na watoto hawatakiwi kutengwa na mama yao kabla ya wiki nane. Popi, kwa meno yake, hakuwa amefika hata sita.

Kibaya zaidi, virusi hao wanaweza kukaa sakafuni miezi na miezi, na sabuni ya kawaida hawaijali. Dokta akaagiza tusilete mtoto mwingine wa mbwa mpaka tumeosha nyumba kwa Jik iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja cha Jik kwa 30 vya maji, tuiache ikae dakika kumi kabla ya kufuta. Mkeka tuuchome, na hata baada ya hapo tusubiri miezi kadhaa. Tukafanya. Kikorido nacho tukakiosha, na hapo ndipo Bi Mkubwa alipofungua mlango.

Lazima nimweleze Bi Mkubwa kidogo. Huyu mama amezaliwa hapahapa, kabla ya ghorofa, wakati kiwanja hiki kilikuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita yenye korido katikati na mwembe uani. Baba yake ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Mwekezaji alipokuja kujenga, familia ikapewa nyumba chache za juu kama fidia, na yeye akabaki na hii inayotazamana na yangu. Sisi wapangaji tunakuja na kuondoka, yeye yupo. Tena binti yangu akitoka shule saa nane mchana anakwenda kwake, anakula kwake, analala kwake mpaka turudi jioni. Miaka miwili sasa. Ukimpa hela anakasirika, kwa hiyo tunampelekea unga na sukari kijanjajanja.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mnaosha nini usiku huu?"

Nikamweleza yote. Akampa pole mtoto. Kisha akaniita ndani, akanipa kiti, akaniuliza kwa upole, "Na mnataka kuleta mwingine?"

Hapo nikanywea. Mimi ni Mkristo wa Kilimanjaro, kwetu mbwa anazunguka uani na hakuna anayemuuliza. Bi Mkubwa ni mtu wa swala tano. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, na humo mate ya mbwa ni najisi. Akilamba chombo kinaoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mambo hayo nilikuwa nayasikia juu juu tu. Sikuwahi kufikiria kwamba yananihusu.

"Mwanangu," akasema, "mimi sina ugomvi na kiumbe wa Mungu. Wale watu wa pangoni walikuwa na mbwa wao, naye katajwa kwenye Kitabu. Ila sikiliza. Huyu mjukuu wangu anatoka kwako anakuja kukaa kwenye mswala wangu. Mbwa akiwa mkavu na mimi mkavu, hapana neno. Shida ni majimaji. Sasa kwa joto la hapa, nani mkavu?"

Nilicheka, lakini niliporudi kwangu sikucheka tena. Nikikosea hapa, binti yangu anapoteza bibi, na mimi na mama watoto tunapoteza usingizi. Mtoto wa miaka minane atakaa na nani Kariakoo saa nane mchana, na mikokoteni yote hii?

Basi ile kazi ya kuchagua ikawa kazi kweli. Nikaacha kutazama picha, nikaanza kwenda kuwaona mbwa wenyewe makwao.

Spizi nilimkuta Tabata kwa jamaa ninayefanya naye kazi. Nampa haki yake: ni mbwa mchangamfu, mwerevu, alicheza na binti yangu mpira saa nzima bila kumparura. Lakini tulikaa masaa matatu, na ndani ya masaa hayo alimbwekea muuza maji, muuza mayai, bodaboda, paka, na mara moja upepo. Nikapiga hesabu ya ngazi zetu. Ghorofa yetu kuanzia ya kwanza mpaka ya pili ni stoo za vitenge na mikoba. Wabebaji wanapanda na kushuka na marobota tangu kabla ya jua. Spizi pale atabweka kama king'ora cha zimamoto, na baada ya siku mbili hakuna atakayetoka kuangalia kama ni mwizi au ni mbebaji. Kengele inayolia kutwa haimwamshi mtu.

Halafu nywele. Spizi ana manyoya tabaka mbili, la juu refu na la chini zito kama pamba, na mara moja au mbili kwa mwaka lile la chini linapukutika lote. Jamaa alipitisha brashi mara tano akatoa fungu la kujaza mto. Nikaliona fungu hilo linapeperuka kikoridoni kwetu kuelekea chini ya mlango wa Bi Mkubwa.

Na joto je? Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema ulimi nje. Watu wengi wa Dar wakiona Spizi anahema mwezi wa pili wanamnyoa upara kwa huruma. Madaktari wengi hawashauri, maana lile koti linamkinga na jua, na likinyolewa linaweza kuota vibaya. Anachohitaji ni kivuli, maji, feni, na kutembezwa alfajiri. Angalau yeye ana pua ndefu. Wale wenye pua bapa kama Pekinizi na Pagi, wanaouzwa kwa bei ya kuruka siku hizi, kwa joto la Dar ni kununua kazi ya kwenda kwa daktari.

Maltizi nilimwona Upanga, kwa familia inayokaa kwenye moja ya yale majengo ya zamani yaliyotaifishwa mwaka 1971, ambayo wazee bado wanayaita nyumba za Msajili. Mama mwenye nyumba alikuwa na jike na watoto wanne wa wiki tisa. Yule jike alibweka mara mbili tulipoingia, akaja akatunusa, akapanda kochi akalala. Nywele alikuwa amekatwa fupi kama mwanafunzi wa sekondari.

"Usidanganywe na zile picha za nywele mpaka chini," mama yule aliniambia. "Ukiziacha ndefu ni kuchana kila siku, ukikosa siku tatu zinashikana kama rasta. Mimi namkata kila baada ya wiki sita, basi."

Akaniambia na mabaya yake bila kuficha, ndiyo maana nilimwamini. Maltizi meno yanaoza haraka, inabidi yapigwe mswaki. Machozi yanaacha michirizi ya rangi ya kutu usoni. Goti linaweza kuteguka, jambo linalowapata mbwa wengi wadogo, Spizi pia. Mtoto akimwangusha kutoka kochini anaweza kuvunjika mguu. Na hapendi kuachwa peke yake. Ukimfungia kutwa nzima atalia. Wakati huo mama watoto alikuwa ananiangalia kwa jicho la "nilisemaje?"

Alituonyesha pia kadi za chanjo za watoto wote na za mama yao, tarehe na mhuri wa daktari. Ukienda kununua mbwa, dai hiyo kadi na dai kumwona mama. Mwenye kikapu kwenye taa hana mama wa kukuonyesha.

Nikiri pia kwamba kuna mbwa wa tatu aliyenishawishi, mbwa wa huku kwetu. Yupo anaitwa Basenji, mbwa mdogo wa kuwindia kutoka Kongo, kilo kama kumi au kumi na moja, na sifa yake kubwa ni kwamba habweki kama mbwa wengine. Anatoa sauti fulani kama ya mtu anayeimba puani. Mama mmoja wa Kiingereza, Olivia Burn, aliwapeleka Uingereza mwaka 1936, na mwaka uliofuata walipoonyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts watu walijazana kuwaona. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "washenzi", yaani mbwa wa watu wa porini. Wazungu wanamlipia pesa nyingi, sisi binamu zake tunawarushia mawe pale Jangwani. Nilimweleza mama watoto habari hii kwa hamasa. Akauliza, "Anatoa nywele?" Kidogo sana. "Anatulia ndani?" Hapana, anataka kukimbia kutwa. Akarudi kuchana mtoto nywele.

Tukachukua Maltizi, dume. Bei sitaitaja kwa sababu mama yangu mzazi husoma gazeti hili.

Kabla hajaingia nilikwenda tena kwa Bi Mkubwa na tukapatana mambo. Mbwa hakanyagi kikorido hata siku moja. Anapita kwenye kapu la mkononi lenye mfuniko. Binti akitoka shule anakwenda kwa Bi Mkubwa kwanza, na sare yake inakaa kabatini, mbwa haigusi. Mchana kijibwa kinabaki na mdogo wake mama watoto anayesoma masomo ya jioni. Nguo zetu tunaanika kamba ya upande wa pili wa paa. Bi Mkubwa akaongeza sharti lake moja: asipewe jina la mtu. Kwa hiyo anaitwa Pamba.

Haja zake anamalizia kibarazani, juu ya magazeti. Ndiyo, na hili pia, mhariri anisamehe. Saa kumi na moja na nusu alfajiri namshusha kwa kapu mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja kabla lami haijapata moto. Chakula ni wali au ugali laini na nyama au dagaa waliochemshwa bila chumvi. Mabaki ya pilau marufuku: vitunguu na vitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo inapasuka vipande vikali, inatoboa utumbo. Chokoleti ni sumu kwake, na kwa mbwa wa kilo tatu kipande kidogo tu ni hatari.

Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata alipotimiza miezi mitatu, na inaendelezwa kwa tarehe za kwenye kadi. Watu wananicheka, eti mbwa wa kapuni atapata wapi kichaa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na mbwa ndio wanaoleta karibu visa vyote, 99 kwa 100. Chanjo yake ipo tangu Louis Pasteur mwaka 1885! Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo, siyo kesho. Na chanjo ya homa ya mbwa iitwayo distempa usiipuuze: mwaka 1994 ugonjwa huo uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijijini pembeni ya hifadhi. Ikiwa simba alidondoka, Pamba ni nani?

Sasa mnataka kujua kuhusu ulinzi, maana safari yote ilianzia kwa mwizi.

Mwezi uliopita, usiku kama saa tisa, umeme umekatika, kuna mtu alipanda ngazi polepole mpaka kwetu. Mtungi mpya wa gesi nilikuwa nimeufunga kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha la kikorido. Akaanza kuukereza mnyororo. Mimi nimelala. Mama watoto amelala. Pamba, mlinzi wangu, alikuwa chali kwenye mto wake, miguu minne juu.

Aliyesikia ni Bi Mkubwa, alikuwa ameamka kwa swala ya usiku. Alifungua mlango akapiga ukelele mmoja uliofika mpaka Mtaa wa Kongo. Mwizi aliruka ngazi tatu tatu, safari hii akaacha msumeno. Nilipotoka na tochi nikamkuta amesimama na ubao wa mbuzi ya nazi mkononi.

"Mbwa wako yuko wapi?" akaniuliza.

"Amelala, Bi Mkubwa."

"Mwache alale," akasema, akafunga mlango.